Mikesha Minne ya Pebble Beach

Mwezi wa Juni mwaka 2000 nilikuwa mtangazaji mchanga wa michezo katika kituo kimoja cha redio, na ninaposema michezo nina maana ya mpira wa miguu, kwa kuwa sikuwa nimewahi kutangaza kitu kingine. Kombe la Ulaya lilikuwa likichezwa Uholanzi na Ubelgiji, na kila mwenye jina pale studio alikuwa amekwisha kujichagulia mechi zake. Mwenzetu aliyeujua mchezo wa gofu aliugua siku mbili kabla ya U.S. Open, mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, kuanza, ndipo mkuu wa zamu alipoutazama ubao wa ratiba, akakitazama chumba kizima, kisha akaandika jina langu. Nilitakiwa kutoa taarifa fupi katika habari za usiku na za alfajiri kwa siku nne, na kuandaa kipindi cha nusu saa cha Jumatatu asubuhi. Nilikubali kwa furaha ya mtu asiyejua alichokubali.

Ninayaandika haya baada ya miaka mingi kwa sababu bado ninawasikia watangazaji wachanga wakikabidhiwa gofu kwa namna ileile, wakiteleza palepale nilipoteleza mimi, na hakuna anayewaonyesha utelezi ulipo.

Siku mbili za maandalizi nilizitumia vibaya. Niliketi na daftari nikakariri majina ya wachezaji kama ninavyokariri vikosi vya timu, nikakariri na maneno ya mchezo: mkwaju, yaani pigo moja la mpira; shimo, yaani kila kipande cha uwanja kinachoishia kwenye tundu la mpira; grini, yaani nyasi fupi zinazolizunguka tundu hilo; na mchujo, yaani kuachwa kwa wenye hesabu kubwa baada ya raundi mbili. Kuhusu uwanja wenyewe nilisoma karatasi moja ya watalii niliyoipata kwa rafiki, iliyosema kwamba Pebble Beach Golf Links uko California, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, na kwamba pa yake ni 72. Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kuitumia ili kumaliza mashimo yote 18, na ndiyo mizani ya mchezo mzima: aliyetumia mikwaju pungufu yuko chini ya pa, aliyezidisha yuko juu yake, na mwenye hesabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Nililielewa hilo vizuri. Nisichokijua ni kwamba waandaaji walikuwa wameligeuza shimo la pili, ambalo kwa wageni wa kawaida huchezwa kwa mikwaju mitano, likawa shimo la mikwaju minne, na kwa sababu hiyo pa ya mashindano yale ilikuwa 71.

Alhamisi usiku Mmarekani Tiger Woods, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alimaliza raundi ya kwanza kati ya nne, kila moja ya mashimo 18, kwa mikwaju 65, mkwaju mmoja pungufu ya Mhispania Miguel Ángel Jiménez. Nilitoa 65 katika 72, nikatangaza kwa sauti ya kujiamini kwamba Woods yuko saba chini ya pa. Nikaendelea kukosea kwa hesabu hiyohiyo kwa kila mchezaji niliyemtaja, hadi simu ya studio ilipolia.

Aliyepiga alikuwa mzee mmoja ambaye, kama alivyonieleza baadaye, alianza kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji akiwa mvulana na hakuuacha uwanja hadi magoti yalipomkatalia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo pa ya sabini na mbili umeitoa wapi?" Nilimwambia. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Karatasi ya watalii ni ya watalii. Woods yuko sita chini, si saba. Sahihisha kabla watu hawajalala." Nilisahihisha katika taarifa iliyofuata, na aibu ile ilinifunza kuuliza swali moja kabla ya mashindano yoyote ya gofu: uwanja umetayarishwaje kwa wiki hii? Pa inaweza kubadilishwa, nyasi za pembeni zinaweza kuachwa zirefuke, grini zinaweza kukaushwa hadi mpira ukateleza kama juu ya vigae. Anayeanza na afanye hivyo: achukue taarifa ya waandaaji wenyewe, aandike pa ya kila shimo kwenye karatasi moja, aibandike mbele ya kinasa sauti.

Kosa la pili lilitokana na saa. California iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 katika miezi hiyo, hivyo saa sita mchana ya kule ni saa nne usiku kwetu, na anayeanza kucheza alasiri ya kule hunikuta mimi usiku wa manane. Ukungu wa baharini ulisimamisha raundi ya kwanza Alhamisi, wengine wakaimalizia Ijumaa, na kila kitu kikasukumwa mbele, hata Woods akaanza raundi yake ya pili jioni ya Ijumaa ya kwao, ambayo kwetu ilikuwa Jumamosi kabla ya alfajiri. Mimi nilikuwa nimefanya kazi mchana kutwa, kwa kuwa nilidhani usiku ungenikuta na nguvu zilezile za kijana. Nikasinzia kwenye kiti mbele ya televisheni.

Kila anayelifahamu gofu ananihurumia nikimweleza nilichokikosa kwa usingizi ule. Katika shimo la sita, ambalo njia yake hupanda kilima kirefu kando ya jabali la bahari, mpira wa Woods ulikuwa umeangukia kwenye nyasi nzito za kulia, mahali ambapo mwenye busara huutoa kwanza mpira kwenye njia kisha akaendelea. Yeye alichukua fimbo ya chuma namba 7, akaukung'uta ukavuka jabali na kilima chenyewe hadi kwenye grini, kwa mkwaju wa pili tu katika shimo la mikwaju mitano. Ndio mkwaju uliokuja kurudiwa kwenye televisheni kuliko mwingine wowote wa wiki ile. Mimi nilikuwa ninakoroma. Niliamka dakika chache kabla ya habari za alfajiri, nikaona wachezaji wakiondoka uwanjani, nikatangaza kwamba raundi ya pili imekwisha. Haikuwa imekwisha hata kidogo: giza tu ndilo lililowaondoa, na Woods alikuwa bado na mashimo sita ya kucheza. Mkuu wa zamu alinikata posho ya usiku ule, na sikuwa na la kujitetea. Tangu hapo, nikipewa mashindano ya kule, hulala mchana kama mlinzi wa usiku, simu ikiwa imezimwa, na watu wa nyumbani wamekwisha kulizoea hilo.

Jumamosi jioni mchezo uliporudi, Woods alimaliza raundi yake kwa 69, lakini si kabla ya kuupiga mpira baharini katika shimo la 18 na kutoa maneno ambayo vipaza sauti viliyanasa na watu wa televisheni wakajutia. Alipiga mwingine, akamaliza shimo kwa kuzidisha mkwaju mmoja. Miaka baadaye mbeba mfuko wake, Steve Williams, alisimulia kwamba mpira ule wa pili ulikuwa ndio wa mwisho uliobaki mfukoni, na kwamba Woods mwenyewe hakujua. Huwa ninaikumbuka habari hiyo kila ninapojiona nimekijua kila kilichotokea uwanjani kwa kutazama skrini.

Kwa jumla ya 134 alikuwa mbele ya Jiménez na Thomas Bjørn wa Denmark kwa mikwaju sita. Hapo nilijikwaa katika lugha. Nilisema anaongoza kwa "pointi" sita, kana kwamba alikuwa akikusanya kitu, nikawachanganya wasikilizaji ambao tangu Alhamisi nilikuwa nikiwaambia kwamba aliye chini ndiye aliye juu. Nilisema pia kwamba walioishia kwenye mchujo "wamefukuzwa", neno ambalo ni la mchezaji wa mpira aliyeoneshwa kadi nyekundu. Miongoni mwa hao niliowafukuza alikuwamo Jack Nicklaus, aliyekuwa na umri wa miaka 60, bingwa wa U.S. Open mara nne, ambaye ushindi wake mmojawapo, wa mwaka 1972, aliupata hapohapo Pebble Beach. Alikuwa akiicheza U.S. Open yake ya mwisho. Mzee alipiga simu tena. Safari hii hakuwa mpole. "Mtu hafukuzwi kwenye mchujo," alisema. "Anapungukiwa. Na yule hakupungukiwa, yule aliaga." Niliomba radhi hewani, jambo ambalo wakubwa wangu hawakulipenda, lakini ningelifanya tena.

Sasa nifike kwenye usiku ninaouonea haya zaidi. Jumamosi hiyohiyo Uingereza iliifunga Ujerumani bao 1-0 katika Kombe la Ulaya, studio ikalipuka kwa kelele, na baada ya filimbi ya mwisho wenzangu wote walikwenda zao wakiniacha na fundi mitambo. Nilikuwa na wivu. Wao walikuwa wametangaza mchezo wenye presha hadi dakika ya mwisho, na mimi nilikuwa na mtu mmoja aliyewaacha wenzake nyuma kabisa, akitembea kando ya bahari. Raundi ya tatu ilianza na upepo, na katika shimo la tatu Woods akanaswa kwenye nyasi ndefu, akapiga, mpira ukasogea kidogo tu, akapiga tena, hadi akamaliza kwa mikwaju saba katika shimo la mikwaju minne.

Nilirukia kipaza sauti. Nilisema Woods anayumba. Nilisema mlima umeanza kuporomoka, nikawataka wasikilizaji wasilale kwa sababu huenda tukashuhudia anguko kubwa. Sikuwa na ushahidi wowote. Yalikuwa makosa ya shimo moja katika mashimo 72, kwa mtu aliyekuwa na akiba ya mikwaju sita, siku ambayo upepo ulikuwa ukiwasumbua wote. Lakini nilihitaji mshindani, na kwa kuwa hakuwapo nilimtengeneza. Woods alimaliza raundi ile kwa 71, sawasawa na pa, na badala ya kufikiwa akawa ameongeza pengo likawa mikwaju 10, kwa kuwa wengi waliokuwa karibu naye ndio walioporomoka. Walionisikiliza na kukesha hadi mwisho walikuwa wamekesha kwa ajili ya uongo wangu. Hakuna aliyepiga simu kulalamika, hata Mzee, na ukimya ule niliusikia vizuri zaidi kuliko kelele za wenzangu.

Jumapili mchana sikuweza kulala. Nilitumia pesa zangu mwenyewe, zaidi ya ile posho niliyokatwa, kukaa kwenye intaneti ya mkahawa nikichapa kurasa za matokeo ya mashimo, kisha nikampigia Mzee kwa namba aliyoiacha. Nilimweleza shida yangu bila kuficha: nina kipindi cha nusu saa kesho asubuhi, mshindi anajulikana tangu leo, nizungumze nini? Alicheka. Aliniuliza kama ninayo karatasi ya wote waliobaki. Nilikuwa nayo. Akaniambia nimfunike Woods kwa kidole gumba, nisome walio chini yake.

Nilifanya hivyo, na ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Chini ya kidole changu kulikuwa na mashindano ya kawaida kabisa ya U.S. Open: aliyeongoza, Ernie Els wa Afrika Kusini, alikuwa na jumla ya 215, mikwaju miwili juu ya pa, na wengine walimfuata wakiwa wamebanana. Uwanja ulikuwa umewashinda wote kama ulivyokusudiwa kuwashinda. Ninapoinua kidole, anatokea mtu aliye minane chini ya pa. Mechi niliyokuwa nikiitafuta kati ya Woods na wenzake haikuwapo kwa sababu mashindano ya gofu ya kuhesabu mikwaju hayana mechi ya namna hiyo. Kila mmoja anacheza na ardhi ileile, upepo uleule na grini zilezile, na wenzake anakutana nao kwenye ubao tu. Ningeujua uwanja, ningekuwa na mpinzani wa kumwelezea tangu Alhamisi.

Tena nilitahayari kwa jambo jingine. Kwa siku tatu nilikuwa nimewazungumzia Wamarekani na Wahispania kwa wasikilizaji wa Afrika, na sikumtaja Els ipasavyo hata mara moja, ilhali alikuwa bingwa wa U.S. Open wa 1994 na 1997, na raundi yake ya Jumamosi, 68 katika upepo uleule, ilikuwa ndiyo kazi bora ya siku ile. Niliyatazama majina kwa macho ya shirika la habari lililonitumia matokeo, si kwa macho ya watu waliokuwa wakinisikiliza. Kijana anayepewa kazi kama ile na ajiulize mapema ni nani kwenye orodha anayewahusu watu wake, hata kama yuko nafasi ya 40, amfuatilie hadi mwisho.

Mkesha wa mwisho nilikuwa macho kabisa, nikiwa na chupa ya chai na ile karatasi yenye pa za mashimo yote 18. Woods na Els walitoka pamoja katika kundi la mwisho. Safari hii sikusema kitu kuhusu pengo. Nilieleza ni wapi bahari iko kulia na ni wapi iko kushoto, shimo la saba lilivyo fupi huku upepo ukilifanya refu, grini zilivyo ndogo kama uwanja wa nyumba, na kila Woods alipokuwa salama nilieleza ni hatari gani ameikwepa. Sikujua kwamba inaweza kuwa hadithi, mtu kutokosea. Hakupoteza mkwaju hata katika shimo moja siku ile. Alimaliza kwa 67. Katika mashimo yote 72 ya wiki ile hakuna grini aliyohitaji kuupiga mpira mara tatu.

Jumla yake ilikuwa 272, mikwaju 12 chini ya pa, na Els na Jiménez wakalingana katika nafasi ya pili kwa 287, mitatu juu ya pa. Nilijizuia kukimbilia neno "rekodi", kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulitumia ovyo, nikazipanga takwimu kwa uangalifu. Jumla ya 272 yenyewe haikuwa mpya: Nicklaus aliifikia mwaka 1980 na Lee Janzen mwaka 1993, lakini wote wawili kwenye uwanja wa pa 70, hivyo walimaliza wakiwa minane chini. Kumaliza U.S. Open mikwaju 10 au zaidi chini ya pa hakuna aliyewahi kabla ya Woods. Na pengo la mikwaju 15 lilikuwa kubwa kuliko yote katika historia ya mashindano makuu manne ya gofu, yaani Masters, U.S. Open, Open ya Uingereza na PGA Championship. Lililotangulia lilikuwa 13, la Old Tom Morris kule Prestwick, Scotland, mwaka 1862. Nilipowaambia wasikilizaji kwamba rekodi ile ilikuwa imekaa miaka 138, fundi mitambo, ambaye kwa siku nne hakuwa ameinua kichwa kutoka kwenye gazeti lake, aliinua kichwa.

Kipindi cha Jumatatu nilikifungua kwa Payne Stewart, bingwa wa mwaka uliotangulia, aliyefariki katika ajali ya ndege Oktoba 1999, na jinsi wachezaji wenzake walivyosimama kando ya bahari Jumatano kabla ya mashindano, wakapiga mipira kwa pamoja majini ili kumuaga. Halafu nilimweleza Nicklaus aliyeaga. Halafu uwanja, dakika nane nzima. Woods nilimwacha hadi dakika ya 15, na zawadi yake ya dola 800,000 niliitaja kwa sentensi moja tu, ingawa mkuu wa zamu alitaka nianze nayo. Kabla ya kufunga, nilirudi kwenye usiku wa Jumamosi nikasema wazi kwamba niliwadanganya waliokesha, kwamba hapakuwa na anguko lolote, na kwamba nililibuni kwa kukosa la kusema.

Niliitwa ofisini. Nilikatwa posho ya pili, safari hii kwa kukishushia hadhi kituo, na kwa wiki mbili nikarudishwa kusoma matokeo ya ligi za madaraja ya chini. Mwenzetu aliyeugua alirejea, akasikiliza mkanda wote wa kipindi, akaniambia tu kwamba "grini ndogo kama uwanja wa nyumba" atanikopa. Mwezi uliofuata, Open ya Uingereza ilipofika St Andrews, yeye mwenyewe aliomba nikae naye.

Woods alishinda tena, kwa mikwaju minane, na inasemekana mpira wake haukuingia hata mara moja kwenye mashimo ya mchanga yapatayo 112 ya uwanja ule. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye karatasi tangu Jumatano, shimo kwa shimo, pamoja na jina la Els nililolipigia mstari. Simu ililia kabla sijatoka studio. Mzee hakuuliza habari za mshindi.

"Els je?"

"Wa pili, Mzee. Amelingana na Bjørn. Na kwenye Masters ya Aprili pia alikuwa wa pili."

"Hilo la Aprili umelisema hewani?"

Nilikuwa nimelisema.